Kuhusu loki kudumu hadi miaka 37

Ndugu yangu, umeuliza kama loki, yaani mchezaji wa safu ya pili katika raga, aliyetimiza miaka 30 katika timu ya Nakuru anapaswa kuanza kuaga raga ya ushindani. Kwa maoni yangu, la hasha, na mfano ninaoutegemea ni Alun Wyn Jones wa Wales, ambaye alianza kuichezea nchi yake mwaka 2006 dhidi ya Argentina, akiwa flanka, mchezaji wa pembeni katika safu ya tatu, kisha akahamia safu ya pili na kukaa huko hadi mwaka 2023, alipostaafu raga ya kimataifa akiwa na miaka 37. Aliichezea Wales mechi 158. Ukiongeza mechi 12 kuu (za ziara dhidi ya timu ya taifa mwenyeji) alizoichezea Lions, timu inayounganisha wachezaji wa England, Scotland, Wales na Ireland, unapata 170.

Linalonigusa zaidi ni la mwaka 2021. Akiwa nahodha wa Lions, alitenguka bega mapema katika mechi dhidi ya Japani mjini Edinburgh, akaachwa nyuma wenzake waliposafiri, lakini majuma matatu baadaye alikuwa uwanjani Afrika Kusini, na akacheza mechi zote tatu kuu. Bega hilo ndilo linalosukuma skramu, yaani msukumano wa wachezaji wa mbele wa timu mbili, kila wikendi!

Hata hivyo, yeye alikuwa na madaktari wa timu karibu naye kila siku, jambo ambalo wachezaji wengi wa Nakuru na Kakamega hawana. Kwa hiyo endelea kucheza, ila usirudi uwanjani na jeraha ambalo daktari hajaliangalia.