Ukianza kazi kwenye maabara ya MS, usiiamini damu peke yake

Habari zenu wadogo zangu, kila mwaka naona wapya wanakuja kuanza masters au kazi ya maabara upande huu wa kinga na mfumo wa fahamu, na karibu wote wanaingia kwenye shimo lilelile nililoingia mimi, kwahiyo acha niandike mara moja tukimalizana nalo tumemalizana. Mi niko Ujerumani, kazi yangu ni sampuli za damu na maji ya uti wa mgongo za wagonjwa wa MS (multiple sclerosis), ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inaanza kula mayelini, lile ganda la mafuta linalozungushia neva kama plastiki ya waya wa umeme. Nyumbani sikuwahi kumwona mgonjwa wake hata mmoja, huku kila siku wapo foleni.

Sasa shimo lenyewe. Wiki za mwanzo nikapewa matokeo ya mgonjwa anayetumia fingolimodi, dawa ya MS, seli T (aina moja ya seli za kinga) kwenye damu zimeshuka vibaya sana, mi nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba dawa imeua seli T. Msimamizi wangu akasoma, akaniuliza, haya maiti ziko wapi? Nikabaki naangalia meza.

Fingolimodi haiui seli T jamani. Ni hivi, seli T ikimaliza mizunguko yake ndani ya tezi ya limfu inatafuta njia ya kutoka kwa kufuata kimafuta kinaitwa S1P, kwenye damu kipo kingi na ndani ya tezi kipo kidogo, kwahiyo inaenda kule kilikozidi kama mtu anavyofuata harufu ya nyama choma. Dawa inaifanya seli imeze kile kipokezi chake cha kunusia, basi inabaki humohumo, hai kabisa, haijui pa kutokea. Na hazifungiwi zote, zile zenye uzoefu ambazo hazina tena desturi ya kupita kwenye tezi zinaendelea kuzurura kwenye damu, so ukiona namba imeshuka jua na mchanganyiko umebadilika pia, hizo ulizobaki nazo kwenye tyubu siyo sampuli ya haki ya zilizopo mwilini. Ukielewa hapo utaelewa kwanini kuna wagonjwa wakiacha dawa ghafla wanapigwa na shambulio kubwa kuliko ya mwanzo.

Natalizumabu, dawa nyingine ya MS, ndo inachanganya zaidi maana inaenda kinyume. Yenyewe inaziba integrini ya alfa-4, ile kulabu ambayo seli inajishikiza nayo kwenye ukuta wa mshipa kabla ya kupenya kuingia kwenye ubongo. Sasa seli zikishindwa kuingia zinabaki wapi? Kwenye damu! Kwahiyo damu inaonyesha seli zimeongezeka na maji ya uti wa mgongo yanaonyesha zimepungua, na mgonjwa anaendelea vizuri tu. Mtu anayesoma damu peke yake atasema dawa imeshindwa.

Ila hii dawa ina historia yake. Ilikubaliwa Marekani Novemba 2004, Februari 2005 ikaondolewa sokoni, ikarudi 2006 kwa masharti. Shida ilikuwa kirusi cha JC, watu wazima wengi sana tunatembea nacho kimelala, na kumbe zile seli zilizofungiwa mlango ndo zilikuwa zinapiga doria kule ndani, mlinzi na mwizi wanapita geti moja. Kirusi kikapata nafasi kikaanza kula ubongo, ugonjwa unaitwa PML, na baadhi ya wagonjwa walifariki. Ndo maana leo wanapimwa damu kuangalia kama wana antibodi dhidi ya JC, dalili kwamba wanacho mwilini, na wanafuatiliwa muda wote. Nikikutana na mtu anasema hii dawa inatuliza kinga nasimama naye hapohapo, inatuliza wapi?

Upande wa seli B, aina nyingine ya seli za kinga, nitapita haraka. Okrelizumabu, dawa iliyokubaliwa 2017, inashika CD20, alama iliyo juu ya seli B, na kuziondoa seli B kwenye damu kwelikweli, hapa maiti zipo. Wengi walidhani inafanya kazi kwa sababu inapunguza antibodi, lakini seli za plazma zinazotengeneza antibodi hazina CD20, na ile mistari ya antibodi kwenye maji ya uti wa mgongo huwa inabaki palepale huku mashambulio yameshuka sana. Kwahiyo inaonekana ubaya wa seli B uko zaidi kwenye kuzichochea seli T. Dawa yenyewe ni antibodi, na antibodi inayopenya toka damu kwenda ubongoni ni kama moja kwa elfu hivi.

Na hiyo moja kwa elfu ndo inatuleta kwa maikroglia, ambazo mi naona ndo utamu wote wa kazi hii ulipo. Hizi ni seli za kinga zinazokaa ndani ya ubongo toka mtu yuko tumboni, hazikutoka kwenye uboho kama ndugu zake wa kwenye damu, zilihamia mapema kabisa kwenye mimba na zikaweka makazi. Kwa wagonjwa wengi kuna vidonda vya zamani vinawaka taratibu pembeni, maikroglia zimejaa madini ya chuma, kwenye MRI inaonekana kama pete nyeusi. Dawa za kufunga geti hazizigusi vya kutosha, na mgonjwa anaweza kukaa miaka bila shambulio lakini fimbo ya kutembelea ikaja ileile.

Ndo watu wakaja na vidonge vya kuzuia BTK, kimeng'enya ambacho kipo kwenye seli B na kwenye maikroglia, na molekuli yake ni ndogo inapenya. Kimojawapo, tolebrutinibu, kwenye jaribio la HERCULES ilipunguza hatari ya ulemavu kuongezeka kwa asilimia 31 kwa wagonjwa waliokuwa hawapati tena mashambulio, lakini kwenye majaribio ya GEMINI haikuishinda teriflunomidi, dawa ya zamani, kwenye kupunguza mashambulio. Dawa moja, majibu mawili. Evobrutinibu, kidonge kingine cha BTK, nayo iligonga mwamba mwisho wa 2023, na ini limesumbua kwenye kundi zima, msije mkashangilia mapema.

Mkianza kuchezea maikroglia kwenye sahani ya maabara mjue zikitolewa ubongoni zinasahau zilikuwa nani, alama zinazozitambulisha kama TMEM119 na P2RY12 zinashuka, kwahiyo dawa "imebadilisha maikroglia" inaweza ikawa ni sahani ndo imebadilisha. Na panya msimwamini sana, kuzuia TNF, kemikali ya kinga inayochochea uvimbe, kuliwaponya panya vizuri tu, kwa binadamu lenercept, dawa ya kuizuia, ikazidisha mashambulio.

La mwisho ni la mkono. Maji ya uti wa mgongo ya kawaida yana seli chini ya 5 kwa mikrolita na zinakufa haraka, tyubu ikifika acha chai, kimbia. Na kabla hujaweka rangi ya kuzitambulia seli uliza mgonjwa yuko kwenye dawa gani na dozi ya mwisho ilikuwa lini. Mimi niliwahi kutafuta seli B kwa CD20 kwa mgonjwa wa okrelizumabu, dawa yenyewe imekalia CD20, rangi yangu haina pa kushika, nikaandika sifuri. Tumia CD19, alama nyingine ya seli B. Yule mgonjwa seli zake zilikuwa zimeshaanza kurudi.