Re: Satelaiti inaonyesha moto, askari wakifika hakuna kitu

Salama mkuu. Kama nimekuelewa, unashusha CSV (faili la jedwali) ya VIIRS, sensa ya kwenye satelaiti, kutoka FIRMS, tovuti ya NASA ya kufuatilia moto, unachuja bright_ti4 (joto ambalo sensa imesoma, kwa kelvini) kuanzia 330 kwenda juu, unawarushia askari wa msitu pointi, wakifika hola.

Kabla hujagusa joto angalia acq_time, safu ya muda satelaiti ilipopita. Ile ni UTC (saa za kimataifa, kwetu Afrika Mashariki unaongeza tatu), 1042 kwetu ni saa saba na dakika 42 mchana, ukiwatumia ilivyo wanadhani ni saa nne asubuhi, na moto wa nyasi kavu hausubiri mtu. Halafu hiyo lat/lon (latitudo na longitudo ya pointi) ni katikati ya pikseli ya mita 375, moto unaweza kuwa ng'ambo ya korongo, waambie wazunguke wasisimame penye pini.

Sasa joto. Mchana bright_ti4 peke yake inadanganya maana hiyo chaneli inanasa na mwanga wa jua, mi huwa natoa bright_ti5 (joto la chaneli ya pili) kwenye bright_ti4, tofauti ikiwa ndogo naishuku. Safu ya confidence (uhakika wa pointi) ikisema l, yaani mdogo, mchana, mara nyingi ni jua linamulika maji au joto halijazidi sana eneo linalozunguka. Na usiogope ukiona 367 kwenye bright_ti4, hapo sensa ndo imefika mwisho, ukubwa wa moto usome kwenye frp (nguvu ya moto kwa megawati).

Pointi zinazorudi palepale kila usiku ziweke pembeni, inaweza kuwa kiwanda au volkano kama Nyiragongo ya Kongo. Data za kumbukumbu zina safu ya type, 0 ndo moto wa mimea, ila hizi za papo kwa papo hazina.

Tupia mistari mitano ya faili lako hapa tuone.