Barua kwa Binti Yangu Kocha, Chuo Chake Kinaposubiri Mwaliko

Mwanangu,

Salamu kutoka Babati. Mama yako hajambo, wadogo zako hawajambo, mvua zimeanza vizuri.

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusikiliza zaidi ya mara moja, maana umeuliza maswali mawili kwa pumzi moja. La kwanza ni kwa nini chuo chenu, chenye timu zinazoshinda, hakialikwi kwenye konferensi kubwa, yaani umoja wa vyuo vinavyocheza ligi moja, wakati vyuo vinavyofungwa kila Jumamosi vimekaa humo kwa raha. La pili ndilo linalokukosesha usingizi. Uendelee na ukocha msaidizi hapo mpaka mwaliko uje, kama mkurugenzi wa michezo anavyowaomba, au ukubali kazi ya chuo kile kidogo ambacho hakisubiri mwaliko wa mtu? Nitakaa zaidi kwenye la kwanza, kwa sababu jibu la pili limo humo humo.

Mwaliko hapewi anayestahili, mama. Anapewa anayenenepesha mfuko. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hiyo ndiyo hesabu wanayopiga marais wa vyuo wakifunga mlango na kupiga kura. Fedha za haki za matangazo ya televisheni hugawanywa kwa wanachama. Mgeni akiingia bila kuongeza kitu, kila mwenyeji anapunguziwa fungu lake. Na sehemu kubwa ya fedha hizo inatokana na mpira wa Kimarekani. Mwaka 2022 konferensi ya Big Ten walisaini na televisheni za Fox, CBS na NBC mkataba wa miaka 7 wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7. Fedha za namna hiyo hazitolewi kwa ajili ya mbio za nyika.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Zamani NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, ndiyo iliyoamua ni timu zipi zionyeshwe kwenye televisheni na mara ngapi. Chuo kikuu cha Oklahoma na cha Georgia wakaishtaki, na mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapa ushindi, majaji 7 kwa 2. Tangu hapo vyuo vikawa huru kuuza mechi zao vyenyewe, na konferensi zikawa ndizo zinazoketi na televisheni kupatana bei. Mimi nilikuwa Texas mwaka ule, nakimbia na kusoma, na kwenye basi la timu ya riadha hakuna aliyeizungumzia hukumu ile. Lakini karibu kila kinachowasumbua leo kimetoka pale.

Sasa kiangalie chuo kikuu cha Houston, maana ni mfano ninaoujua tangu ujana wangu. Mwaka 1983 na 1984 timu yao ya kikapu ilifika fainali ya taifa ikiwa na Hakeem Olajuwon, kijana wa Lagos. Carl Lewis, aliyechukua dhahabu 4 za Olimpiki Los Angeles mwaka huo wa 1984, alifundishwa hapo hapo na kocha Tom Tellez. Mji wenyewe ni wa nne kwa ukubwa Marekani. Ilipovunjika Southwest Conference mwaka 1996, Texas, Texas A&M, Texas Tech na Baylor waliungana na vyuo vya Big Eight wakaunda Big 12. Houston, Rice, SMU na TCU wakaachwa nje. Olajuwon na Lewis hawakusaidia kitu.

Houston wakasubiri. Mwaka 2014 walifungua uwanja mpya. Mwaka 2016 Big 12 walitangaza kwamba wanafikiria kuongeza wanachama, wakahoji vyuo 11, Houston wakiwemo. Magavana na wabunge walipiga debe, vyuo vilituma vitabu vya kujinadi, na Oktoba 17 marais walikutana wakaamua wasimchukue yeyote. Mkataba wao uliilazimisha televisheni kulipa zaidi kwa kila mwanachama mpya, na televisheni haikuwa tayari. Julai 2021 Texas na Oklahoma walipotangaza kwamba wanahamia konferensi ya SEC, Big 12 ikaona inaporomoka, na kufikia Septemba Houston, Cincinnati, UCF na BYU walikuwa na mwaliko mkononi. Waliingia rasmi mwaka 2023. Kati ya 2016 na 2021 Houston hawakubadilika kiasi hicho. Kilichobadilika ni njaa ya mwenyeji.

Hilo ndilo nataka ulishike unapomsikiliza mkurugenzi wenu akisema kwamba mkishinda msimu huu, mkijaza uwanja, mkijenga ukumbi mpya, mwaliko utakuja. Pengine utakuja kweli. Lakini siku yake haimo mikononi mwake, na asiwaahidi kana kwamba imo.

Wapo wanaolipia mlango. SMU, chuo cha Dallas, ili waingie konferensi ya ACC, walikubali kukaa miaka 9 bila fungu la fedha za televisheni za konferensi hiyo, wafadhili wao matajiri wakiwaziba pengo. Msimu wao wa kwanza, 2024, walicheza fainali ya ACC na wakaingia mchujo wa taifa. Watu wanaitaja hadithi hiyo kila mahali. Ila chuo chenu hakina matajiri wa mafuta wa Dallas, na mtu akipendekeza mfanye kama SMU, muulize fedha hizo zitakatwa kwenye timu ipi.

Upande wa pili kiko chuo cha Washington State, na hapo moyo wangu unauma kweli. Pullman ni mji mdogo katikati ya vilima vya ngano. Kutoka kwenye mji huo Samson Kimobwa aliweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977, na mwaka uliofuata Henry Rono akavunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Wote walikuwa wanafunzi wa chuo hicho, wote watoto wa Kenya. Sisi huku tulilijua jina la chuo kile kabla hatujajua jimbo la Washington liko upande gani wa Marekani.

Juni 2022 USC na UCLA, vyuo vya Los Angeles, wakaikimbia Pac-12, konferensi ya Washington State, kwenda Big Ten. Julai 2023 Colorado wakaondoka. Agosti 4 mwaka huo, kwa siku moja, wakaondoka watano: Oregon, Washington, Arizona, Arizona State na Utah. Septemba 1 Stanford na California wakapata hifadhi ACC, konferensi ya pwani ya Atlantiki! Wakabaki wawili, Washington State na Oregon State, ambao kosa lao lilikuwa kukaa kwenye miji isiyo na televisheni nyingi. Walikwenda mahakamani wakapata mamlaka ya konferensi na mali yake, jambo ninalowasifu, kisha wakageuka wao kuwa waalikaji. Septemba 2024 waliwachukua Boise State, Colorado State, Fresno State na San Diego State kutoka konferensi ya Mountain West, baadaye Utah State, na Gonzaga ambao hawana mpira wa Kimarekani. Walihitaji wanachama 8 wenye mpira huo ili watambuliwe, na wa nane, Texas State, walikubali Juni 30, 2025, siku ya mwisho kabla ada ya kuihama konferensi yao ya zamani haijaongezeka maradufu.

Mountain West nao, baada ya kunyang'anywa, wakatafuta wa kuziba pengo, wakawaalika UTEP, chuo kikuu cha Texas kilicho El Paso. Ulipokuwa mdogo nilikuimbia sana habari za UTEP. Suleiman Nyambui alikimbia pale, akashinda mita 10,000 za NCAA miaka 4 mfululizo, 1979 hadi 1982, na katikati yake akaleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow, moja ya medali mbili tu za Olimpiki ambazo Tanzania inazo. Gidamis Shahanga wetu wa huku Hanang alipita pale pia. Mwaka 1998 vyuo 8 vya konferensi ya WAC, walimokuwa UTEP, vilipoamua kujitenga na kuunda Mountain West, UTEP hawakuwemo. Mwaliko wao ulikuja Oktoba 2024. Ni zaidi ya robo karne. Fikiria ni makocha wasaidizi wangapi wamezeeka katika kungoja kule.

Lakini tazama jambo jingine katika habari hiyo hiyo, maana ndilo linalokuhusu wewe. Nyambui hakuhitaji konferensi kubwa. Ubingwa wa riadha ni wa NCAA, na njia ya kuufikia haipiti kwa televisheni. Unaijua kuliko mimi: wakimbiaji 48 bora wa kila tukio upande wa mashariki na 48 wa magharibi, kwa muda walioweka, na anayefuzu anafuzu akiwa na fulana yoyote. Mbio za nyika ni hivyo hivyo, timu 31 kutoka kanda 9. Binti wa mita 5,000 anahitaji kocha anayemjua, mashindano machache yenye kasi, chakula, usingizi, na ufadhili usiotikisika. Konferensi kubwa ingempa jezi nzuri na kliniki nzuri zaidi, sikatai. Wakati huo huo wenzake wa voliboli wangekuwa wanaruka kutoka Los Angeles hadi New Jersey, karibu umbali wa Dar es Salaam hadi Lagos, kwenda kucheza mechi ya ligi na kurudi darasani. Wakimbiaji wana nafuu hapo, kwa kuwa hawana mechi za ligi kila wiki.

Hatari yao iko kwingine, kwenye gharama ya kungoja. Chuo kinachojipamba kwa ajili ya mwaliko kinamwaga fedha kwenye mpira, na tangu hukumu ya Juni 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Fedha hizo zinakwenda zaidi kwa mpira na kikapu cha wanaume, na mtoto wa kigeni mwenye viza ya mwanafunzi hata akipewa chake hawezi kukipokea kwa urahisi. Zinakotoka ndiko kwenye maumivu. Mwezi ule ule Washington State walifuta kurusha na kuruka katika riadha yao na kupunguza mbio fupi. Walibakiza mbio ndefu.

Walizibakiza kwa sababu ambayo nataka uingie nayo ofisini kwa mkurugenzi wako. Chuo chenye mpira wa daraja la juu lazima kiwe na michezo 16, na mbio za nyika, riadha ya ndani na riadha ya nje zinahesabiwa kuwa michezo mitatu. Msichana mmoja wa mbio ndefu anaingia kwenye hesabu mara tatu, kwa bei ya viatu na tiketi chache. Wewe hapo si mzigo. Usiongee kama unayeombea huruma.

Kwa hiyo jibu langu la pili ni hili. Usingoje mwaliko, na usiuamulie maisha yako. Omba mkutano wiki hii, umuulize nafasi ngapi za ufadhili zimetengwa kwa mbio ndefu kwa miaka miwili ijayo, mwaliko uje au usije. Umuombe aandike. Akiandika, baki. Nakuambia baki kwa moyo mmoja, kwa sababu umejenga kitu hapo, na makocha wanaokaa mahali pamoja ndio wanaowaokoa watoto wa mbio ndefu, ambao mwili wao haukomai kwa msimu mmoja. Akikujibu kwa neno "tukialikwa," basi amekwisha kukujibu, na mshahara mdogo wa chuo kile kingine ni bora. Wakati huo zungumza kwanza na mwanasheria wa uhamiaji kabla hujamwambia mtu, maana viza yako imefungwa kwa mwajiri wako na utaratibu wa kuhama una hatua zake.

Na wale vijana uliowaleta kutoka Katesh na Iten, waambie ukweli mapema, wakiwa bado na muda wa kuhama bila kupoteza mwaka. Kanuni ya sasa inawaruhusu wahame na kushindana mara moja mradi masomo yao ni mazuri. Wazazi wao walikukabidhi wewe watoto wao. Chuo hawakijui, konferensi hawaijui, jina wanalolijua ni lako. Mama wa yule binti wa Katesh nilikutana naye sokoni, akaniuliza kama mwanawe anakula vizuri, nikamwambia yuko kwako.

Nipigie ukishatoka kwenye mkutano, hata kama huku ni usiku wa manane. Mama yako anataka kujua pia kama ile jaketi imefika.

Baba yako