Usifute WAV hizo!

Simama hapo hapo. Umesema diski yako imejaa GB 300 za WAV (faili za sauti kamili, zisizobanwa), unataka kuzigeuza zote MP3, ufute WAV, halafu ukipata diski kubwa uzipeleke FLAC (faili zinazobana sauti bila kupoteza kitu) "ubora urudi". Haurudi! Mpango huo huo ndio ulionipotezea sauti ya mama.

Marehemu aliacha kaseti 11 alizoimba na wenzake. Nilizicheza moja moja, nikazirekodi kwa WAV ya stereo, ubora wa juu, biti 24 na kHz 48. Hiyo hula kama MB 17 kwa dakika, diski ikajaa upesi. Kaseti mbili zilikatika utepe zikiwa ndani ya deki, na zilizobaki nikazitupa, maana nilidhani kila kitu kiko kwenye kompyuta. Ndipo jamaa mmoja anayejiita mtaalamu wa sauti, tena alinitoza pesa, akaniambia nigeuze yote MP3 ya kbps 128 (kilobiti 128 kwa sekunde), nikihitaji ubora nitairudisha FLAC. Nikafanya hivyo, WAV nikazifuta. Nikimkumbuka damu bado inachemka. Anayeuza ushauri wa sauti anakosaje kujua kwamba MP3 hupunguza ukubwa kwa kutupa sehemu ya sauti? Ikishatupa imetupa. FLAC haibuni kilichopotea, inatunza kwa uaminifu kile ulichoipa, hata kama umeipa makapi.

Nilikuja kugundua siku nilipovaa hedifoni nzuri. Makofi ya akina mama wale, ambayo kwenye kaseti yalipasuka moja moja, sasa yalikuwa mchakacho mmoja wa majimaji, na kila herufi "s" ya mama ilikuwa na mkwaruzo. Nikafungua spektogramu, picha inayoonyesha sauti nzito chini na nyembamba juu: juu ya kHz 16 kweusi tii, kama kumekatwa kwa wembe. Na lile faili limenenepa tena, mwishoni limeandikwa .flac, ungeapa ni zima. Niliketi pale hadi usiku wa manane nikitafuta WAV kwenye kila flashi niliyonayo. Hakuna hata moja.

Kwa hiyo shika hili: asili haifutwi mpaka nakala isiyopoteza kitu imehakikiwa. WAV iende FLAC moja kwa moja, isipitie MP3. Kwenye programu ya flac tumia amri flac -V, nayo itafungua kila inachobana na kukilinganisha na ulichoipa. Nakili FLAC zote kwenye diski ya pili, kisha endesha amri ya kukagua, flac -t, huko huko kwenye diski ya pili. Kila faili la FLAC hubeba alama ya MD5, namba ya utambulisho iliyokokotolewa kutoka kwa sauti yake, kwa hiyo likiharibika njiani utaambiwa. Likipita ndipo ufute WAV, siyo kabla. Muziki wa kawaida wa CD mara nyingi hushuka hadi kama nusu au zaidi kidogo ya ukubwa wake. Rekodi za kaseti zenye mvumo hazibaniki sana, usishtuke.

MP3 ya kusikiliza kwenye simu itoe kwenye FLAC, hata kila siku, haidhuru kitu. Na kiwango cha kubana cha FLAC ulichouliza, 0 au 8, sauti ni ile ile, kinachobadilika ni ukubwa na muda wa kusubiri.

Kwenye hizo WAV kuna rekodi za watu wako au ni CD tu unazoweza kuzinakili upya? Jibu hilo kwanza, kabla hujagusa kitufe chochote.