Kizazi bado kipo? Swali nililochelewa kuulizwa

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, kibanda changu hakiko mbali na soko la Mbuyuni. Damu niliiona kwanza mwezi wa kumi, nikiwa nimepakata gauni jeupe la bibi harusi nalipiga pindo kwa mkono. Nilikuwa na miaka 54. Hedhi yangu ya mwisho ilishapita miaka miwili na ushee, pedi zilizobaki nilishamgawia binti yangu. Nikasimama kwenda kuchukua pasi, nikasikia unyevu. Chooni nikakuta doa la rangi ya kahawa, dogo kama sarafu ya shilingi mia. Niliporudi, kitu cha kwanza nilichokagua ni gauni la watu. Lilikuwa salama. Nikafunga kanga mbili, nikaendelea na kazi.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Joto lilinianza nikiwa na miaka 51. Si joto la Moshi la Januari ambalo kila mtu analilalamikia. Hata Julai, mlima umejifunika mawingu na watu wamevaa masweta, mimi nilikuwa natota jasho. Usiku nabadilisha shuka mara mbili. Mchana vidole vinateleza kwa jasho, sindano haitungiki. Niliwafokea wanafunzi wangu wa ushonaji mpaka mmoja akaacha kuja.

Dada yangu anaishi Arusha. Yeye alitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe, na daktari wake akamwandikia vidonge vya homoni, estrojeni. Nilipokwenda kumsalimia akaniona nilivyochoka, akaingia chumbani akatoka na pakiti. "Jaribu hivi, mdogo wangu, utalala." Nikajaribu, na baada ya wiki chache nikalala usingizi wa mtoto. Sitaki kudanganya mtu hapa: dawa ilifanya kazi. Pakiti ilipoisha nikaenda nalo ganda tupu kwenye duka la dawa, nikauziwa nyingine. Swali nililoulizwa ni kama nina chenji. Miezi minane nilimeza hivyo.

Nisichokijua mimi, na dada hakukijua, ni hiki. Estrojeni ikifika kwenye kizazi hujenga ule ukuta wa ndani, ule uliokuwa ukitoka kila mwezi tulipokuwa tunapata hedhi. Kinachouzuia usiendelee kunenepa ni homoni ya pili, projesteroni. Mwanamke aliyetolewa kizazi hana ukuta huo, kwa hiyo kwa kawaida estrojeni peke yake inamtosha. Mwenye kizazi akimeza estrojeni tupu ni kama shamba linalonyeshewa kila siku na hakuna anayepalilia. Na jambo hili halikugunduliwa jana. Marekani wanawake wengi walipewa estrojeni peke yake, na kufikia mwaka 1975 tafiti zikaonyesha kwamba saratani ya ukuta wa kizazi ilikuwa imeongezeka miongoni mwao. Ndipo projesteroni ikaanza kuongezwa kwa kila mwenye kizazi. Yaani kosa langu lilikuwa limeshafanywa na wengine kabla sijaanza darasa la kwanza.

Sasa lile doa. Nilimsimulia mwenzangu wa kikoba, naye akacheka: "Umerudi usichana! Utazaa kama Sara mke wa Ibrahimu." Tukacheka wote. Doa likarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Desemba ikaingia, na Desemba kwa fundi wa Moshi haina Jumapili. Watu wanapanda kutoka Dar na kwingine kuja kula sikukuu nyumbani, kila ukoo unataka sare ya kitenge kabla ya Krismasi. Nikajiambia nitakwenda hospitali Januari.

Katikati ya mwezi nikaona niache vidonge. Nikaacha kwa amri yangu mwenyewe. Siku ya tano ikaja damu nyekundu yenye mabonge, nikalala siku mbili. Daktari alinieleza baadaye kwamba hilo linaweza kutokea: estrojeni ikikatishwa, ukuta uliokuwa ukishikiliwa nayo hukosa mshikizo na kuporomoka. Damu ya namna hiyo huja siku chache hadi wiki mbili tatu baada ya kuacha, kisha inakata. Yangu ilikata kweli. Nikashukuru Mungu, nikala sikukuu. Mwishoni mwa Januari ikarudi, na safari hii hapakuwa na kidonge cha kusingizia.

Kama umeacha homoni na damu inaendelea kwa wiki kadhaa, au ilikata ikarudi, usiendelee kusema "ni dawa inatoka mwilini". Ilishatoka.

Nikaenda kituo kimoja, sitakitaja. Nikaambiwa UTI. Sijui tungekuwa na magonjwa gani nchi hii kama UTI isingekuwepo. Nikapewa antibayotiki na vidonge vya kukata damu, na damu ikakata siku sita. Hakuna aliyenipandisha kitandani kuangalia inatoka wapi. Nilipoteza karibu mwezi hapo, na siwalaumu wao peke yao, maana mimi nilifurahi kuambiwa UTI. UTI ni ugonjwa wa kwenda nao nyumbani.

Aliyenitoa gizani ni daktari wa wanawake, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza. Alinipa shikamoo, akaniuliza dawa ninazotumia, nikamtajia ya presha, ya tumbo, mwisho kabisa nikakumbuka ile ya joto.

"Ulipewa na nani, mama?"

"Dada yangu."

"Yeye kizazi kipo?"

"Alitolewa."

"Na wewe, mama, kizazi bado kipo?"

"Kipo."

Akaweka kalamu mezani.

Alianza na shingo ya kizazi, akaiangalia kwa kile kifaa ambacho sote tunakichukia. Nilimwambia haina haja, mwaka juzi nilipimwa kwa siki nikaambiwa mzima. Akanieleza kwamba umri ukienda, sehemu ya shingo ambayo siki inatakiwa kuionyesha hujivuta ndani, isionekane vizuri, kwa hiyo jibu la siki kwa mama wa umri wangu haliaminiki sana, na kama damu inatoka ndiyo kabisa halitoshi. Hapa kwetu saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake. Damu baada ya tendo la ndoa, au damu tu isiyoeleweka, haitakiwi kuitwa "homoni" kabla mtu hajaangalia huko. Na usisubiri damu ikate ndipo uende. Nenda nayo.

Kikafuata kipimo cha altrasaundi, ile ya kuingizwa ukeni. Ile ya juu ya tumbo haioni vizuri ukuta wa ndani. Ukipewa karatasi, soma unene wa ukuta kwa milimita. Kwa aliyekoma hedhi anayetokwa damu, ukuta wa milimita 4 au chini ya hapo humtuliza daktari, ingawa damu ikirudi tena anatakiwa kuendelea kutafuta. Wangu ulikuwa 15. Nilipoambiwa sikushtuka mara moja. Milimita 15 ni nafasi ya mshono, ndiyo ninayoacha kila siku pembeni ya kitambaa, naijua kwa jicho bila futi. Kwenye korido nikaitengeneza kwa kidole gumba na cha shahada, nikaitazama, halafu miguu ikaniisha.

Kuchukua kinyama ndicho kipimo ninachoulizwa zaidi, kwa hiyo nikikalie kidogo. Mimi sikulazwa wala sikuingizwa chumba cha upasuaji. Ni mrija mwembamba, mwembamba kuliko ule wa soda, unapitishwa kwenye shingo ya kizazi na kuvuta vipande vidogo vya ukuta. Inauma. Anayekuambia haiumi hajafanyiwa. Inauma kama uchungu unapoanza, lakini ni dakika chache, na kidonge cha maumivu ukimeza kama saa moja kabla kinasaidia. Uliza kipi kinakufaa kama una vidonda vya tumbo au presha. Nilishika ukingo wa kitanda, nesi akanisemesha habari za bei ya mafuta ya kula, tukamaliza. Nenda na mtu, nenda na pedi, siku hiyo usipange kazi. Na chagua maneno utakayosema nyumbani. Mimi nilisema "wamenisafisha", neno likamfikia wifi yangu Majengo, jioni akapiga simu anataka kujua mimba ilikuwa ya nani.

Majibu yalichukua wiki tatu. Katika wiki hizo nilishona nguo mbili kinyume, mgongo mbele.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2018, uliojumlisha tafiti nyingi za nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba katika wanawake 100 wanaotokwa damu baada ya kukoma hedhi, takriban 9 ndio hukutwa na saratani ya ukuta wa kizazi. Ukiisoma hivyo unapumua. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba wenye saratani hiyo, karibu 90 kati ya 100, walitokwa damu kwanza. Nusu ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi, na nadhani ilitakiwa inikoseshe tangu Oktoba.

Yangu haikuwa saratani. Ukuta ulikuwa umenenepa kupita kiasi, chembe zake zikiwa bado za kawaida. Hali hiyo ikiachwa inaweza kugeuka saratani kwa wachache. Ikitibiwa, mara nyingi inarudi sawa. Nilimeza projesteroni kila siku miezi sita, nikachukuliwa kinyama tena, na tena miezi sita baadaye. Vyote viwili vilikuja safi.

Joto nalo lilikuwa limerudi. Nikapimwa presha, nikaangaliwa matiti, nikaulizwa kama nimewahi kuganda damu mguuni, kisha nikaandikiwa homoni zote mbili, kila siku bila kupumzika. Mwezi wa pili nikaona doa. Nilikaa chini chooni nikalia. Lakini safari hii nilikuwa nimeambiwa kabla: anayetumia homoni zote mbili kila siku anaweza kuona matone katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, mradi yanapungua. Yakivuka miezi sita, yakizidi badala ya kupungua, au ukikaa miezi msafi kisha damu ikatokea upya, hapo rudi ukapimwe. Wapo wanaopewa projesteroni kwa siku kadhaa tu za mwezi. Wao hupata kama hedhi siku hizo zinapoisha, na kwao hiyo inategemewa. Isiyotegemewa ni inayokuja katikati, au inayoanza kuwa nzito ghafla.

Kabla ya kuogopa kubwa, kuna madogo ya kuangalia. Umesahau vidonge? Umeanza dawa nyingine? Rifampisini, iliyomo kwenye dawa za TB, hulifanya ini limalize homoni upesi na damu ikavurugika. Dawa za kuzuia damu kuganda nazo zinaweza kuleta. Ukavu wa uke wenyewe unaweza kutoa damu, na vinyama vidogo ndani ya kizazi pia. Ila ukiyajua haya usijitibu mwenyewe. Mpelekee daktari. Beba maganda ya dawa zote kwenye mfuko, pamoja na ule unga wa mizizi uliouziwa sokoni ambao hutaki kumwonyesha.

Mimi nina daftari la vipimo vya wateja, kifua, kiuno, nyonga. Kurasa za nyuma ni zangu: tarehe, rangi ya damu, pedi ngapi, kidonge nilichosahau, kama ilikuwa baada ya kulala na mzee. Daktari aliligeuza lile daftari akasoma kimya, na maswali yakawa machache. Kuna siku moja tu ambayo hutaandika kwanza: ukijaza pedi ndani ya saa moja na nyingine tena, ukapata kizunguzungu au moyo ukaenda mbio. Hiyo ni bajaji na hospitali, saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Dada nilimweleza kwa simu. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata, kisha akasema, "Mimi nilitaka ulale tu." Najua, dada.

Mwezi uliopita amekuja mteja, mama wa makamo, na kitambaa cha krimu kizuri sana cha send-off ya binti yake. Akaomba nimwekee bitana nyeusi. Nikamwambia nyeusi itaonekana chini ya krimu, itaharibu gauni. Akasema anajua, niweke tu. Nikavua futi shingoni, nikamtuma yule binti anayejifunza akaninunulie uzi, nikavuta kiti nikakaa karibu naye.