Maana ya 916 ndani ya pete
Dada, umeuliza kama 916 ndani ya pete ni namba ya sonara. Hapana, ni kipimo cha usafi: sehemu 916 kati ya 1000 ni dhahabu tupu, yaani karati 22. Zilizobaki kwa kawaida ni fedha na shaba, maana dhahabu tupu, yaani ya karati 24, ni laini mno, pete ya kila siku ingepinda. Kwa pete yenye kito mimi ningechukua 750, karati 18. Vijino vyake hushika jiwe imara zaidi. Ukiona 925, hiyo ni fedha, hata ikiwa imechovywa dhahabu. Na chapa hugongwa hata kwenye bandia, kwa hiyo usione haya, mwambie sonara aipime mbele yako kabla hujalipa.