Vitabu vya watoto vyenye tuzo vinafaa darasani? Mi natumia, ila sikiliza kwanza

Mkuu umeuliza kama kuna maana kuhangaika kutafuta vitabu vya watoto vilivyopata tuzo huko nje wakati darasa lako limejaa na utapata nakala moja tu, tena ya Kiingereza. Mi nasema ipo, ila kwanza angalia hiyo tuzo ilitolewa kwa kazi gani. Mimi sikuangalia nikaumbuka.

Nafundisha la nne, shule ya serikali huku Arumeru, watoto 84. Ndugu yangu alikuja kutoka Marekani akaniletea My Rows and Piles of Coins cha Tololwa Mollel, huyu ni wa kwetu kabisa, mzaliwa wa Arusha, kitabu kilitoka 1999. Basi na mimi kwa sifa zangu nikasimama mbele nasoma Kiingereza huku natafsiri, ukurasa kwa ukurasa, haikufika dakika kumi madawati ya nyuma washalala. Kilichowaamsha ni neno moja tu, "Yeyo", yaani mama kwa Kimaasai, maana yule dogo wa kwenye hadithi, Saruni, ndo anavyomwita mama yake. Darasa likalipuka. "Ticha, kumbe na kwenye vitabu wana yeyo!"

Jioni nakirudia ndo nikastuka, kumbe heshima ya Coretta Scott King (tuzo ya vitabu vya watoto kule Marekani) ambayo kitabu kilipata mwaka 2000 alipewa mchoraji, E.B. Lewis. Yaani kilichosifiwa ni picha, na mi picha nilikuwa nazinyanyua sekunde mbili nafunua nyingine, aliyekaa dawati la tatu haoni kitu.

Kesho yake maandishi nikaachana nayo. Watoto kumi na mbili mkekani nje, waliobaki wanafanya hesabu ndani na kiranja anasimamia (kelele zilikuwepo, tusidanganyane), swali langu moja tu: mnaona nini? Tulipofika pale Saruni anapojifunza baiskeli kubwa ya baba yake ili ambebee mama mizigo ya sokoni, kuna dogo mmoja tangu Januari sijawahi kumsikia sauti, mama yake anauza ndizi, huyo ndo akaanza kuwafundisha wenzake jinsi ya kufunga mkungu, kwamba ukirundika nyuma kwenye keria tu baiskeli inanyanyuka mbele, lazima mzigo ugawe huku na huku. Nikanyamaza. Sikuwa na cha kuongeza.

Hadithi yenyewe nikaisimulia kwa Kiswahili baadae, kitabu nimekishika tu. Saruni anadunduliza sarafu anazipanga mistari na mafungu, akienda kununua baiskeli muuzaji anamcheka hela haitoshi, mwisho baba anamuuzia ile yake ya zamani halafu anamrudishia hela yote. Hapo tukapanga vifuniko vya soda kama sarafu na kuzidisha kukaeleweka kuliko wiki mbili za ubaoni. Ila ugomvi ukazuka: kama alijua atamrudishia, alizipokea za nini? Wengine wakasema baba alikuwa anamtania, wengine anampima. Kengele ikalia bado wanabishana.

Kingine cha huyohuyo Mollel ni The Orphan Boy, hicho mchoraji wake Paul Morin alipata tuzo ya Governor General kule Kanada 1990. Ni kisa cha Kimaasai cha Kileken, ile nyota ya Zuhura, anayekuja kama mtoto yatima kuishi na mzee mmoja, ila ana siri ambayo mzee hatakiwi kuijua. Hiki usikisomee darasani ukamaliza, kiache pale mzee anapotaka kumchungulia mtoto, watoto wakamalizie nyumbani kwa kuwauliza bibi zao. Mi walirudi na miisho minne tofauti.

Kwa la kwanza na la pili sijajaribu kwahiyo sitakudanganya. Na vifuniko anza kukusanya mapema kimyakimya, maana mwenye duka akishajua unavihitaji anaanza kukuuzia.